Matundu Mawili Niliyoyafuta

Nyumbani kwa mama, chumba cha mbele
Alhamisi, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wetu,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima, na mama hakuumia hata ukucha. Nimelitanguliza hilo ili yaliyobaki uyasome umekaa vizuri. Wewe je, hujambo? Wifi yangu hajambo? Naambiwa huli wala hulali, na nadhani najua sababu.

Najua simu za Jumamosi zilikufikia. Mama mdogo akishika simu, habari haibaki ndani ya nyumba hata dakika tano. Lakini yeye alisimulia alivyoona, nami nataka usikie kutoka kwa aliyetengeneza.

Asubuhi ile tuliifunga kando ya kitanda winchi uliyoichora wewe ya kumnyanyulia mama. Tangu apooze miguu ana miezi saba anatazama dari, na alipouona ule mkono wa chuma ukiingia mlangoni akaanza kuuliza kama atapelekwa kuoga kwanza au barazani kwanza. Kwa haraka yake na kiherehere changu, hatukuijaribu na mzigo. Tulimketisha kwenye kiti cha turubai, na Cheche, mchomeleaji wetu, akazungusha mpini. Mama akapanda shibiri moja, akapanda mbili, kisha kona ya mkono ikalia na mkono wote ukaanza kuinama. Cheche aliuwekea bega. Mimi na mama mdogo tulimdaka mama miguuni na mgongoni, tukamrudisha godoroni. Mama mwenyewe alisema tu kwamba kifaa chetu kina usingizi, kikalale.

Pale pale, jasho halijakauka, nikasema mbele ya wote kwamba Profesa kakosea hesabu.

Mdogo wangu, hilo ndilo linalonifanya nikuandikie. Umeniletea ujumbe mara tatu kwamba umezirudia hesabu na huoni kosa. Huoni kwa sababu halimo.

Jumatatu nilifungua picha uliyoipiga kwenye skrini yako, ile uliyonitumia mwezi uliopita kunitambia, nikaiweka kando ya faili nililolifanyia kazi. Kwenye picha yako, pale kwenye kona ya mkono, pana kipande cha pembetatu cha kuizuia isipinde, kimeshikwa na bolti mbili. Kwenye faili langu hakipo. Nilihesabu vipande vyote kwa kidole: kwako kumi na vinne, kwangu kumi na vitatu. Nikahesabu tena. Ikawa ile ile.

Nadhani ulikificha kile kipande ili uone vilivyo nyuma yake, ukasahau kukirudisha. Ulipolitoa faili kwenye programu yako ili programu yetu iweze kulisoma, likaja na vinavyoonekana tu. Hilo ni lako, na ni dogo, hata mimi limewahi kunipata.

Langu ndilo kubwa. Pembetatu haikuja, lakini matundu yake mawili yalikuja. Yalikuwa pale kwenye bamba, safi, yamepangana, hayana bolti. Unajua mafaili yanavyokuja yakitoka programu nyingine: mstari mmoja umechorwa mara mbili, duara limekatika vipande vipande, vitundu visivyo na mwenyewe. Kazi yangu karakanani ni kusafisha takataka hizo kabla mashine haijakata chuma, na ndiyo maana wananiita Fagio. Nikayatazama yale matundu, nikajiambia ni takataka, nikayafuta. Yote mawili.

Kukuuliza kungenichukua dakika moja. Sikukuuliza kwa sababu ya kiburi cha ukubwa. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kupiga mstari kwa rula, nitakuulizaje wewe maana ya tundu? Naona aibu kuliandika hili, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Jumanne tulikata mkono mpya, wenye matundu yake, na pembetatu nikaichora upya kwa kuitazama picha yako. Ule ujumbe wa kukuuliza unene wa bamba, uliokuja bila salamu, ulikuwa wa kazi hiyo. Ulinijibu milimita kumi, basi, wala hukuniuliza za nini. Hapo nilijua umekasirika.

Tangu jana asubuhi tumeuning'inizia mkono huo mifuko ya mchanga yenye uzito wa mama mara mbili. Nakuandikia nikiwa mbele yake. Kila nusu saa naweka kalamu chini, napima kutoka ncha ya mkono hadi sakafuni. Haujashuka hata unywele. Hata hivyo, mfuko ukijizungusha kidogo tu kwenye kamba, napima tena kabla ya wakati.

Mama mdogo nilimwambia jana, nikamtaka awapigie wale wale wote kusahihisha. Alinuna kidogo, maana habari ya pili haina utamu wa ile ya kwanza, lakini amepiga. Ukipigiwa na mtu wa kukuomba radhi, pokea.

Tafadhali nitumie faili zima, usifiche kitu, na uniandikie idadi ya vipande. Nikikuta nisichokielewa nitauliza, hata kama ni mkwaruzo.

Cheche anakusalimu, bega lake linaendelea vizuri. Wifi na mapacha wape salamu zangu, uwabusu mapacha wote wawili wasije wakagombana. Mungu akulinde kazini, na akurudishie usingizi wako niliouchukua mimi.

Sasa ya mama. Nilimweleza yote, nikitegemea atakataa kabisa, na ningemwelewa. Amekubali kupanda, leo hii, mifuko ikishushwa. Ila ametoa sharti: walioitengeneza watangulie. Wewe uko mbali, kwa hiyo ameamua nipande mara mbili, ya kwanza kwa ajili yangu, ya pili kwa niaba yako. Cheche ameanza kushusha mifuko, na mama ananiita.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayekuomba msamaha,

Fagio