Kibanio Cheusi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kijenge. Sote wazima na migomba imestawi, ila goti langu halipatani na baridi hii.

Unaogopa wenzako ofisini watakucheka, mtu mzima na kibanio cha kawaida kichwani. Mimi nilivaa kimoja enzi za Wajerumani, nikiwa mke wa mtu. Nilikipata kwa mayai dukani kwa Mhindi: cheusi, hakina hata ua. Wanawake wenzangu walinyoa. Mimi nilifuga nywele tangu nibatizwe, na kwa hilo mama mkwe alikuwa hanisemeshi.

Siku moja tukienda naye sokoni, askari wa boma alinikamata. "Kibanio hiki umemwibia bibi Mjerumani!" Kiboko kilikuwa mkononi mwake.

Mama mkwe akatua mzigo wake. "Ni changu. Nimempa mimi."

Askari alikitazama kichwa chake, kimenyolewa mpaka kinang'aa. Akacheka, akatuacha.

Njiani nilikivua. Mama mkwe akasimama.

"Kirudishe kichwani. Na kesho ukivae, wasije wakajua nimesema uongo."

Nilikivaa kila siku, Neema, na kila siku niliogopa.

Bibi yako