Ukurasa wa Mwisho wa Mzee Shen

Jumanne. Mvua iliyochanganyika na theluji tangu asubuhi, na moyo wangu mzito kuliko anga.

Leo nimepanda treni kutoka mtaani kwetu Rissne nikiwa nimekumbatia guqin ya Mzee Shen, imefungwa kwenye blanketi. Ni ala ndefu ya mbao yenye nyuzi saba. Unailaza mezani, mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unabonyeza na kuteleza. Mzee ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, mjane. Mimi ni mfanya usafi kutoka Bujumbura. Kwa miaka mitatu amenifundisha kila Jumapili nikitoka kanisani.

Aliniambia kwamba huko China wasomi wa zamani walijifunza ala hii pamoja na kuandika kwa brashi, kuchora, na mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe. Hawakuupigia umati. Mtu aliipiga ili atulie, au ampigie rafiki mmoja anayesikiliza kweli. Nilifika nchi hii na kelele nyingi kichwani. Nilikihitaji kitu hicho kuliko nilivyojua.

Shida ni kwamba maandishi ya muziki wa ala hii yanakuonyesha kidole kipi, uzi upi, mahali gani. Hayakuambii sauti ikae muda gani. Hilo unalipata kwa mwalimu tu. Mzee ana wimbo alioachiwa na baba yake, na hajui mtu mwingine anayeupiga hivyo. Mimi nimebakiza ukurasa wa mwisho.

Jumapili ya wiki iliyopita alinipigia simu. "Binti, njoo leo tumalize."

Nikamwambia naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimechoka, nikataka kulala. Kesho yake mtu anayemletea chakula alimkuta sakafuni. Kiharusi. Hasemi, na mkono wa kulia hausogei kabisa. Sijamwambia mtu yeyote kuhusu ule uongo. Naandika hapa kwa sababu unanikaba.

Hospitalini muuguzi alinikatalia kwanza. "Wagonjwa wengine wanapumzika," alisema. Nikamweleza kwamba ala hii haisikiki hata nje ya mlango, kisha nikaanza kulia mbele yake, mtu mzima mimi. Akatufungia mlango.

Nikaiweka kwenye meza ya chakula, nikapiga mstari wa kwanza wa ukurasa ule wa mwisho kwa kubahatisha. Uso wa Mzee ukakunjamana. Nimekosea. Nikauchukua mkono wake wa kushoto, nikauweka begani kwangu, nikarudia. Nikiharakisha, ananibana. Nikingoja, ananiachia. Kuna sauti moja tuliirudia sijui mara ngapi, mpaka vidole vyake vikalegea na machozi yakamtoka.

Saa nzima, mstari mmoja. Halafu mkono ukateleza, akasinzia.

Nilipokuwa natoka muuguzi alinishika kiwiko. "Moyo wake unachoka," aliniambia. "Usichelewe kurudi."

Nimejaribu kuendelea peke yangu hapa nyumbani. Vidole vinajua pa kukaa, lakini kinachotoka si wimbo. Nimeacha.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho nitakuwa mlangoni kabla wodi haijafunguliwa.

Bado mistari minane.

Mzee wangu, nisubiri.