Ubao Kati Yangu na Ndinda

Fedha, Nairobi
Jumapili alasiri

Kaka yangu mpendwa Mutisya,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji na wote mlio hapo Mwingi. Nimesikia mvua imewanyeshea vizuri na goti lako limeanza kukubali kile kilima cha kanisani. Nimeshukuru sana. Sisi huku miili yetu ni mizima. Mke wangu Wavinya anakusalimu na ameniambia nikuulize kama zile pojo alizokutumia ziliota. Biashara ya mbuzi pale Kiamaiko inaendelea, ingawa wenye hoteli siku hizi wanataka mbuzi asiye na mfupa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kukupigia nimekupigia, lakini kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za ng'ombe. Jambo lenyewe linamhusu binti yangu Ndinda, na mdomo wangu umekataa kulisema.

Unakumbuka nilivyovamiwa nikitoka sokoni, hadi nikaomba leseni ya bastola. Wewe hukupenda. Nilijiunga na klabu ya kulenga shabaha ili nijue kuishika bila kuumiza mtu, kumbe mchezo wenyewe ukaniingia damuni. Kwa miaka mingi pale klabuni hapakuwa na wa kunishinda. Vikombe umeviona sebuleni. Ndinda alipomaliza chuo akaingia nami kwenye biashara, naye akapata leseni yake, na ni mimi niliyempeleka uwanjani. Nilimfundisha kusimama, kushika, kuvuta pumzi. Nilijivunia mtoto yule, kaka. Nilijivunia hadi alipoanza kunikaribia.

Katika mashindano yetu kuna mahali tunapaita barikedi. Ni ubao mpana uliosimamishwa wima, mrefu kuliko mtu, kama mlango usio na nyumba. Unajikinga nyuma yake, unachungulia upande mmoja na kupiga shabaha, halafu unahamia upande wa pili na kupiga tena, huku muda unahesabiwa. Mimi huukumbatia ubao. Naubana kwa bega na kuegemeza mikono ukingoni, nijisikie nimeshikiliwa. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Ndinda.

Mwaka huu klabu ikapata mwalimu mpya, Madam Aluoch, polisi mstaafu anayekaa mtaa wa Baba Dogo. Siku yake ya kwanza aliniambia mbele ya watu kwamba naukaribia ubao mno. Alisema nirudi nyuma hatua nzima, mikono inyooke bila kugusa kitu, mguu wa upande ninaochungulia nitangulie kuutega nje kidogo, kisha nipinde goti na kuuacha mwili uinamie huko. Mtu akifanya hivyo, alisema, anaona shabaha mapema na yeye mwenyewe anaonekana kidogo tu, tena akitaka kuhama hana pa kujibandua. Nilimshukuru kwa adabu, nikaendelea na mambo yangu. Ndinda alimsikiliza.

Alimsikiliza hadi nikachoka. Akawa anabaki uwanjani baada ya mazoezi. Hapa nyumbani akageuza mlango wa jikoni kuwa barikedi, anachungulia mikono mitupu, anapinda goti hili, anapinda lile, mama yake anacheka hadi ugali unashika chini. Mimi nimekaa na gazeti sisomi neno. Baada ya muda akanipita, kwanza kwenye barikedi, kisha kwingine kote. Watu wakanipa mkono na kuniambia nimetoa mtoto hatari. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Rafiki yangu Bulle akinisimulia Ndinda alivyopiga, moyoni natafuta kasoro: upepo ulitulia zamu yake ilipofika, jua lilikuwa mgongoni mwake, msimamizi anampenda. Ulikuwa wivu, Mutisya. Wivu wa mwanamume mzima juu ya mtoto aliyembeba mabegani.

Ikafika siku ya kuchagua mtu mmoja wa kutuwakilisha Arusha. Tulianza wengi, hadi kufikia barikedi, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, tumebaki mimi na yeye, naye yuko mbele. Nilipiga kwanza. Sikukosa shabaha, lakini nilikuwa mzito, na nilipogeuka niliwaona watu wamekwisha kumtazama yeye.

Ndinda akaingia. Akauendea ubao moja kwa moja, akaubana kwa bega, akaegemeza mikono ukingoni. Madam Aluoch alisimama kutoka kitini. Upande wa kulia Ndinda alimaliza vizuri. Akajibandua kwa shida, akahamia kushoto, akajibana tena, na hapo bastola ikagonga ubao. Ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka ilikosa nafasi, risasi ikakwama. Aliitoa kwa utulivu na kumaliza, lakini muda ulikuwa umekwenda. Mwenyekiti wetu, Gachanja, akauinua mkono wangu juu. Watu wakapiga makofi. Ndinda akaja akanipa mkono na kusema, "Hongera, Baba." Siku zote huniita Buda, kwa utani wao wa huku mtaani. Siku hiyo nilikuwa Baba. Hakupanda gari langu kurudi nyumbani. Alienda na Madam Aluoch, na tangu hapo amekuwa akilala Baba Dogo.

Sasa nikwambie nilichowaficha watu wote pale uwanjani. Ijumaa jioni, mkesha wa siku hiyo, tukiwa mezani, nilimwambia kwamba Aluoch hajamlea, na kwamba kama bado ananiheshimu, kesho atapiga jinsi baba yake alivyomfundisha. Aliweka kijiko chini.

"Unamaanisha, Buda?"

"Namaanisha."

"Sawa."

Wavinya aliinuka akaenda chumbani bila kumaliza chakula.

Jumatatu nilimfuata huko Baba Dogo. Nilimkuta anaanika nguo. Nilimuuliza kama alikusudia kushindwa. Hakuacha kuanika.

"Sikukusudia kushindwa," alisema. "Nilikusudia kukutii. Nimefanya kila ulichonifundisha. Ulitaka nini kingine?"

Nilitoka pale nikaenda kwa Gachanja, nikaomba kamati iitwe, na mbele yao, Madam Aluoch akiwepo, nikasema nilichomwamuru binti yangu, nikajiondoa. Nafasi ya Arusha ikaenda kwake kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa pili. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Ungedhani hadithi imeishia pazuri. Lakini jana alipiga simu kutoka Arusha. Alikuwa wa pili kati ya wote, na kwenye barikedi hakuna aliyemfikia. Sikia kilichotangulia kifuani mwangu: nilifurahi kwamba hakuwa wa kwanza. Furaha ya mzazi ilikuja, lakini ilikuja nyuma. Wavinya alikuwa ananitazama, na naamini aliyaona yote mawili. Hili ndilo nililoshindwa kukueleza kwa simu. Nafasi nimempa, wivu sijautoa, na sijui mtu huutoa vipi. Niombee.

Kabla hajakata nilimwomba anifundishe barikedi. Akasema Jumamosi asubuhi, nisichelewe. Kama atarudi kulala nyumbani, hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Nina ombi moja. Mpigie simu umpongeze, lakini usinitetee, wala usimwambie kwamba amerithi jicho langu. Jina langu usilitaje kabisa. Kila anayempongeza mtoto huyu huanza na mimi.

Msalimie shemeji sana, na wale mabinti zako uwaambie baba yao mdogo anawawaza. Kama goti litakuruhusu kusafiri Desemba, kitanda chako kipo, na mbuzi nitakuchagulia mwenyewe. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ndimi mdogo wako,
Musau