Bendera Nyeupe ya Vermandel

Jumatatu, 2 Julai 1962
Bendera nyeupe haijashuka hata mara moja tangu yeye awe chef, msimamizi wa kazi. Amesema Germain mwenyewe asubuhi, langoni pa karakana ya Bwana Vermandel, mikono mfukoni kwa baridi. Ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Hortense. Haringi. Anasema tu.

Nyeupe: hakuna aliyeumia kazini. Mtu akiumia inapanda nyekundu, inakaa mwezi mzima, na nyama ya Jumamosi inakatwa kwa karakana nzima. Enzi za Bwana Étienne, chef Mbelgiji aliyemtangulia, nyekundu ndiyo ilikuwa sura ya lango. Étienne alirudi Ubelgiji baada ya vita vya Septemba. Germain yuko kwenye majaribio mpaka tarehe 11, sikukuu ya Katanga. Bendera ikibaki nyeupe, cheo ni chake. Ikishuka, kuna Mbelgiji anangoja nafasi hiyo Kolwezi, koti begani.

Camille, mhariri wangu, anataka ukurasa wa kwanza. Chef mweusi wa kwanza, bendera nyeupe — unataka nini zaidi?
Nataka kuiona karakana.

Jumatano, 4 Julai
Nimeiona. Mabati yanatumbukizwa kwenye birika la asidi yatakate, kisha kwenye zinki iliyoyeyuka. Moshi unakwaruza koo. Suruali zote zina matundu chini ya magoti. Ila hakuna matusi, hakuna mateke. Germain anaita kila mtu kwa jina la baba yake.

Augustin, mzee wa zinki, alinipokea kwa kelele. "Bwana Gazeti! Andika: hapa hata mbu hapana luma bantu. Inaogopa bendera!" Wote wakacheka. Nami nilicheka.

Lakini kwenye birika la asidi kuna mtu mgeni. Séraphin, ninayemjua kuwa mtu wa birika hilo, yuko wapi? "Iko kwenye matanga, kwabo, Tshangalele." Nikamuuliza mwingine, kando: iko kwenye matanga, kwabo, Tshangalele. Nikamuuliza wa tatu, nje kabisa. Wimbo uleule.
Jambo la kweli kila mtu hulisema kwa namna yake.

Ijumaa, 6 Julai
Soko la Kikula. Philomène, mke wa Séraphin, anauza samaki wakavu, nywele zimesukwa vizuri, anabishana na mteja na kucheka. Mwanamke mwenye matanga hasuki nywele. Nilimpa pole ya msiba.
"Musiba ya nani?"
Kisha akakumbuka. Akaweka mkono mdomoni. Akafunika samaki, akaniongoza nyumbani.

Séraphin amelala kwenye mkeka. Mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka — asidi. Wamempaka mawese na majivu. Harufu niliipata tangu mlangoni. Nimeona miguu ya vitani. Huu ni mbaya kuliko mingi.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda hospitali. "Hospitali banauliza uliungulia wapi, yaya," akaniita kama kaka mkubwa. Nikamwambia aseme ukweli. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto mpumbavu. "Wakati ya Étienne, minye nilikwaruzwa kidole, nilikimbia bureau kuandikisha. Sote tulikimbia! Nyekundu ipande, muzungu apate haya, hata nyama ikatwe. Sasa iko muntu yetu. Bendera ishuke mikononi mwake juu ya muguu yangu? Hapana."
Germain anajua?
"Asijue! Akijua atashusha."

Bendera ilisema kweli walipomchukia mkubwa wao. Sasa wanampenda, nayo imekuwa ya uongo. Sijui Camille angeliweka wapi hilo.

Jumamosi, 7 Julai
Germain anajua. Alijua tangu siku ileile ya ajali. Aliniambia kwake, Hortense akiwa jikoni, kwa sauti ya chini.
"Shemeji, bo banajificha mbele yangu. Na minye ninajificha mbele yabo."
Nilimweleza hali ya mguu. Alidhani ni malengelenge tu. Akapindua kikombe kilichokuwa tupu. Halafu: nimngojee mpaka Jumatano. Akishapewa cheo atashusha mwenyewe, mbele ya wote, na Mbelgiji wa Kolwezi hatakuja tena.
Mguu hauijui Jumatano, nikamjibu.
Hortense alileta bukari, ugali wetu, na mboga. Hakuna aliyekula. Aliuliza kama amezidisha chumvi.

Jumapili, 8 Julai
Tumempeleka Séraphin hospitali. Baiskeli yangu — mimi nikisukuma, Philomène akiushika mguu usiburuzike. Watu waliotoka misa walitupisha njia.

Infirmier, muuguzi, anaitwa Georges. Nani amempaka majivu haya? Ameungulia wapi? Nilifungua mdomo. Séraphin akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo, akajibu mwenyewe: mafuta ya moto, nyumbani. Georges akanusa. Akatazama matundu ya suruali. Akaandika: mafuta ya moto, nyumbani.

Ningeweza kusema. Ni mguu wake, ni neno lake. Nililiacha liandikwe. Sioni fahari.

Jumatatu, 9 Julai
Mguu utakatwa, juu ya goti. Georges kasema. Daktari yuko njiani kutoka Elisabethville, ataanza kukata Jumatano saa tatu asubuhi.
Philomène aliuliza swali moja tu: karakana itampa kazi gani mtu wa mguu mmoja aliyeungulia nyumbani?
Hakuna kazi. Hakuna fidia. Georges alijifanya anatafuta pamba.
Nilimpelekea Germain habari. Akaketi chini, palepale uani.

Jumanne, 10 Julai
Leo jioni, kengele ya kazi ilipolia, Germain alitoka na nyekundu kwapani. Nilikuwepo. Alifika kwenye mlingoti akatafuta kamba.
Hakuna kamba! Imekatwa. Nyeupe imepigiliwa misumari kule juu.

Wafanyakazi walisimama wote, hawakwenda kwao. Germain aliamuru iletwe ngazi. Hakuna aliyesogea. Kwa Étienne wangekimbia. Akasema tena, "tafadhali". Augustin akamjibu polepole, kama anayembembeleza mgonjwa: "Chef, tulifika hospitali kwa Séraphin asubuhi. Yeye njo alisema tupigilie. Weye unataka akatwe muguu ya bure?"
Mwingine nyuma akasema kwamba bendera si ya chef, ni ya bantu. Wakapiga makofi. Makofi ya kumpongeza — yeye amesimama na nyekundu mkononi.

Alinikuta barabarani. Kesho, akipewa cheo, Vermandel mwenye karakana atampa neno la kwanza. Aseme nini, shemeji?
Sema jina la Séraphin, nikamwambia. Na mahali alipoungulia.
Akauliza: na Augustin na wenzake, mbele ya Vermandel, watakuwa nani? Waongo wote? Ameondoka bila kuaga.

Camille ameshachapa ukurasa wa kwanza. Picha ya mlingoti imetoka safi.

Kesho saa tatu, hotuba langoni. Saa tatu hiyohiyo, hospitali, mguu wa Séraphin. Mimi Camille amenipangia langoni.