Skafu ya Chiriku

Jumamosi, 2 Aprili 1927

Kwa kaka yangu Eelis, popote barua hii itakapokukuta,

Nimepiga mluzi. Si mara moja, na si kwa kusahau. Tangu Januari nimepiga mluzi karibu kila siku isipokuwa Jumapili, nawe ukiwa baharini, na sijamwambia mtu yeyote. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaishia na salamu, nibandike stempu, niende zangu.

Sasa hujambo, kaka yangu? Kile kidole ulichobanwa na mnyororo kimepona? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na anasema goti hilo linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Bandari bado imeganda na watu wanavuka kwa miguu hadi kisiwani. Paka amezaa watoto wanne ndani ya buti lako la kushoto na Mama amekataza wasihamishwe, kwa hiyo ukirudi utakuta una buti moja. Bi Hilja wa jirani anakusalimu na kukuuliza kama Waingereza bado wanatia maziwa kwenye chai. Nilimwambia sijui. Akasema basi shule inanifundisha nini.

Habari ya mluzi unaijua uzito wake. Unakumbuka nilipokuwa na miaka saba, nilivyopiga mluzi gatini na Mama akanifukuza kwa kitambaa cha vyombo hadi nyumbani, mbele ya mabaharia wote, akisema mwanamke mwenye mtu wake baharini hapigi mluzi, akipiga anaita upepo. Wiki hiyohiyo marehemu Baba alirudi na mlingoti uliovunjika. Baba alicheka tu, lakini Mama aliniangalia mimi, hakuuangalia mlingoti. Nawe ndiye uliyenifundisha miluzi yote ya ndege nyuma ya banda la mashua, ya shorewanda, ya kurumbiza, ya chiriku, kwa hiyo lawama hii tugawane.

Uliondoka Agosti, kabla kituo cha redio hakijafunguliwa. Kiko ghorofani katika nyumba ya zimamoto, juu ya chumba cha farasi, na waya wake umefungwa kwenye mnara wa kukaushia mipira ya maji. Bwana Sundqvist, yule fundi saa, ndiye kila kitu pale: fundi, mtangazaji, na msoma hadithi za watoto kwa sauti ya dubu. Ila Kifini chake kinachechemea, na nusu ya mji haijui Kiswidi. Alimwomba mwalimu wangu mwanafunzi mmoja anayeandika lugha zote mbili na asiye na maneno mengi. Mwalimu hakuhitaji kufikiri. Basi kila siku nikitoka shule nakaa pale mezani, naandika kwa Kifini kile alichoandika kwa Kiswidi, naye anakisoma huku mimi nikimwonyesha kwa penseli mahali pa kukaza sauti. Mimi mwenyewe sijawahi kusema neno hewani. Nikifikiria tu kile chuma cha maikrofoni, ulimi wangu unageuka kipande cha kuni.

Saa kumi na moja ni bei za samaki na siagi, kisha hali ya hewa ya mabaharia na majina ya meli zilizofika bandari za mbali. Saa kumi na mbili ni watoto. Saa moja hotuba, mara nyingi ya daktari wa mifugo, halafu santuri, halafu wimbo wa dini na usiku mwema kwa lugha mbili. Lakini kati ya kipindi na kipindi kuna dakika za kubadilisha santuri au kumsubiri daktari avue viatu vya theluji, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Redio ikinyamaza watu wanadhani imeharibika. Wanaanza kuzungusha vifundo, na zile redio kubwa zenye taa za kioo ndani zikizungushwa vibaya hulia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, kilio cha nyumba moja kikaingia redio ya jirani, jirani naye akazungusha vyake. Jioni za kwanza mji mzima ulikuwa ukibweka. Bi Hilja alikwenda kugonga milango ya mtaa akiuliza ni nani huyo anayemchinja nguruwe katikati ya hotuba.

Ndipo Bwana Sundqvist akamleta Taneli, chiriku wake wa manjano, na tundu lake akalitundika karibu na maikrofoni. Kipindi kikiisha, anavuta kitambaa kinacholifunika na Taneli anaimba. Watu wakajua kwamba ndege akisikika hakuna kilichoharibika, watulize mikono yao. Wiki mbili hazikupita, mji ukampenda Taneli kuliko daktari wa mifugo. Mama alikuwa wa kwanza. Sisi redio yetu ni ile ndogo ya jiwe na waya, isiyo na spika, kwa hiyo Mama anaweka visikilizio ndani ya bakuli la kaure ili sauti ivume, yeye na Bi Hilja wanainamisha vichwa juu yake kama wanaonusa mchuzi. Mama husikiliza mambo mawili tu, majina ya meli na ndege. Mengine yakisomwa, anafuma.

Taneli alikufa Januari kumi na mbili. Jiko la chumba lilizimika na baridi ikaingia. Bwana Sundqvist alimkuta asubuhi, akamfunga kwenye kitambaa cha kufutia saa, na nilipofika macho yake yalikuwa mekundu. Tukaanza kazi hivyohivyo. Bei za samaki zikaisha. Kimya. Alikuwa ameshika santuri mkononi na haikutoka kwenye karatasi yake, na kwenye redio ndogo tunayosikilizia matangazo yetu wenyewe nikasikia kilio cha kwanza, kutoka upande wa kanisani, kisha cha pili. Sikuamua lolote, Eelis. Midomo yangu ilijikunja yenyewe. Nilipiga chiriku, ule wa mwanzo mrefu na mikato mitatu, na mji ukanyamaza.

Bwana Sundqvist alinitazama kama mtu anayeona saa ikirudi nyuma. Baadaye tulikubaliana kwamba ni mpaka barafu iyeyuke na meli ilete ndege mwingine. Tundu limebaki dirishani na kitambaa chake, watoto wanalipungia mikono kutoka barabarani. Kule shule kuna kijana mmoja, Rurik, anayeniambia kila asubuhi kwamba hata chiriku wa zimamoto anaongea kuliko mimi. Namwambia ndiyo, ni kweli.

Februari nikashikwa na mafua. Nilikuwa katikati ya mlio nikakohoa, kikohozi kikubwa cha mtu mzima, hewani. Bwana Sundqvist aliruka kwenye maikrofoni akatangaza, kwa Kifini ambacho sikukiandika, kwamba Taneli ana homa na anaomba radhi. Kesho yake vifurushi vikaanza kuja. Mbegu za katani, asali, jani la kabichi lililofungwa kwa utepe, na chupa ndogo kutoka kwa baharia mstaafu, ya ile dawa ambayo sheria ya pombe hairuhusu. Bwana Sundqvist alisema ndege hanywi, akaishughulikia mwenyewe. Nilicheka mpaka nikakohoa tena. Nakuapia zilikuwa siku za furaha kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Ninapita sokoni nimeinamisha kichwa kama kawaida, nasikia watu wakibishana kama jana ndege alikuwa na huzuni au ameshiba, na hakuna anayejua kwamba aliyepita na kikapu ndiye.

Halafu ikaja Machi. Unaijua Machi hiyo kuliko mimi. Meli yenu Salmi ilitakiwa kufika Hull, Uingereza, tarehe nane. Tarehe tisa jina halikuwemo kwenye orodha. Tarehe kumi upepo uling'oa bati la banda letu. Tarehe kumi na moja ni mimi niliyeandika kwa Kifini kwamba Salmi haijafika na haina habari, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na Bwana Sundqvist akayasoma yale maneno taratibu kwa sababu alijua bakuli letu lilikuwa likisikiliza. Halafu akanigeukia. Ilikuwa zamu ya ndege. Nikatikisa kichwa.

Sikupiga siku hiyo, wala kumi na mbili. Tarehe kumi na tatu ilikuwa Jumapili, na kumi na nne pia sikupiga. Nilikuwa nikihesabu: tangu Januari, jioni hamsini, mara nne au tano kila jioni. Mara moja tu nikiwa na miaka saba ilivunja mlingoti. Bwana Sundqvist hakunilazimisha. Aliweka saa ya kengele mbele ya maikrofoni ili mlio wake ujaze kimya, lakini watu hawakutaka saa, walizungusha vifundo, na mji ukaanza tena kubweka. Watoto waliandika kuuliza kama Taneli amekufa. Nami nyumbani nilimkuta Mama ameinamia bakuli, sindano za kufumia mapajani hazisogei. Bi Hilja alikuwa akimtuliza, eti ndege ana manyoya yanayopukutika tu, wakati huo ndege huwa wananyamaza. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba ndege akinyamaza ni kwa sababu amesikia jambo ambalo sisi bado hatujaambiwa.

Unaona nilipofikia. Nikipiga mluzi, nakuitia upepo. Nikinyamaza, namzika Mama akiwa hai. Nililala, nikaamka, nikaenda shule, na Rurik aliponiuliza kama nami manyoya yananipukutika, nililia mbele ya darasa zima. Maskini, alinipa leso yake na hajanitania tena hadi leo.

Jumanne tarehe kumi na tano nilipofika kituoni nilikuta kifurushi mezani, hakina jina la aliyekituma. Bwana Sundqvist alikuwa amekifungua. Ndani mlikuwa na skafu ya sufu, bluu, imefumwa kwa kubana sana kama ya mtu anayetarajia baridi ndefu. Aliipima kwenye tundu. Akasema hii itamfunga ndege, tundu, na yeye mwenyewe, na bado kitabaki cha kumfunga farasi wa zimamoto. Kisha akaitazama shingo yangu, akajitia kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Hiyo sufu naijua, Eelis. Nawe unaijua, umeivaa sasa hivi. Ni ile iliyobaki kwenye sweta yako. Pembeni palikuwa na karatasi yenye herufi kubwa kubwa, zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto ili zisitambulike, lakini Mama hata kwa mguu angeandika ile N yake ningeitambua. Ilisema hivi: Kwa ndege mwenye kikohozi. Upepo wa Machi ulikuwepo kabla yako. Endelea kuimba, kuna watu wanasubiri.

Kumbe tangu kile kikohozi. Nani amekisikia kikohozi changu zaidi yake, usiku ngapi, miaka kumi na mitano? Mwezi mzima alikuwa akiinamia bakuli lile huku anajua, na kila nilipoingia nyumbani ananiuliza kazi ilikwendaje, nami najibu kwamba nimeandika bei ya siagi, naye anasema vizuri.

Nilijifunga skafu. Bei za samaki zikaisha, orodha ya meli ikasomwa na jina lenu halikuwemo, na nikapiga chiriku, mwanzo mrefu na mikato mitatu. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka. Nilipiga siku hiyo na nyingine tatu, bila kujua mko wapi, kwa hiyo usifikiri mluzi ndio uliowaleta. Simu yenu ya maandishi ilifika Jumamosi, kwamba usukani umevunjika na mmeingia bandari ya Norwei, wote wazima. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaanza kukanda mkate wa iliki, na chumvi alitia mara tatu. Tuliula wote. Bi Hilja alisema haujawahi kutoka mtamu hivi.

Siku niliyorudi nyumbani na ile skafu Mama aliniuliza nimeitoa wapi. Nikasema Bwana Sundqvist amenipa kwa ajili ya kazi. Aliigusa ncha, akaigeuza, akasema yule Mswidi ana jicho zuri la sufu. Akarudi kwenye sufuria yake. Tangu hapo hatujazungumza zaidi ya hapo, na nimeelewa kwamba ndivyo inavyotakiwa iwe. Akisema kwamba anajua, itabidi anikataze, maana yeye ni mama wa baharia na kanuni ni kanuni. Asiposema, anayeimba ni ndege, na ndege hawana kanuni.

Kwa hiyo nakuomba, ukituandikia, usitaje mluzi. Tuma tu salamu kwa Taneli, Mama atafurahi. Na Bwana Sundqvist anakuomba, kabla hamjarudi mwezi wa tano, ununue Hull chiriku mmoja dume, kijana, mwenye afya. Nimefikisha ujumbe wake kama nilivyoahidi. Mimi kwa upande wangu nakuomba asiwe hodari sana. Awe anachoka mapema. Awe na siku za kupumzika.

Jitunze, vaa sweta, usile kitu chenye maziwa na chai pamoja. Watoto wa paka wanakusalimu kutoka kwenye buti. Leo ni siku ya sauna na Mama yuko nje anachochea moto, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika yote haya. Sasa nasikia theluji ikilia chini ya viatu vyake, amefika kwenye ngazi, anapangusa miguu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kama anavyofanya siku hizi kila anapojua niko peke yangu. Nailaza karatasi chini ya sinia la kahawa ili asije akalazimika kujua.

Dada yako,
Aune