Sauti ya Shangazi Katika Hatua ya Tisa

Mpendwa Mama Estelle, niokoe kabla ya Jumamosi, maana nacheka peke yangu darasani na wanafunzi wameanza kunitazama.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Kasongo na nina siri: kuna mchezo wa zamani wa kompyuta, wa kupiga risasi, ambamo unaona tu bunduki na mikono yako, na wapenzi wake hujitengenezea hatua mpya wakagawana bure, basi nami nikatengeneza hatua tisa, nikaona haya, nikaweka jina la kiume, Octave, nikazitia kwenye flashi, flashi ikapanda pikipiki hadi Salamabila, ikamfikia Faradji, fundi wa simu, ambaye alikuja kwenye harusi ya binamu yangu akanisimulia saa nzima, Mama, hatua zangu mwenyewe.

"Huyu Octave iko fundi kweli," aliniambia. "Siku nitamukuta, nitamupa mukono."

Nusura nimwage sahani ya wali. Tangu hapo tunaandikiana kila siku, yeye anamsifu Octave, mimi nasoma, na ni utamu nisioweza kuueleza.

Jumamosi anakuja na wazee wake kuniposa. Kwetu wageni wa posa hupokelewa mlangoni na shangazi wa msichana, naye ni Shangazi Waridi, na lile jitu linalolinda mlango wa mwisho katika hatua ya tisa linanguruma kwa sauti yake. Nilimrekodi kwa siri akimfokea muuza samaki: "Weye nani? Toa viatu!" Faradji ameuawa hapo mara arobaini. Anasema akiisikia sauti hiyo hata ndotoni anainama. Je, nimwambie ukweli, au nimwombe shangazi augue mafua siku hiyo?

Mwenye Siri, Kasongo

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa redioni, si hewani, na Salomon wa mitambo ametoka nje kucheka. Utamu wako naujua. Kusifiwa bila kujulikana hakuna hatari yoyote, ndiyo maana hutaki kuuacha. Lakini umemwacha mwanaume aje kuposa msichana ambaye nusu yake haijui, na umemgeuza jitu, bila ruhusa, shangazi atakayekusemea mbele ya wazee. Halafu unamtakia mafua! Aibu.

Leo hii piga magoti mbele ya shangazi na umsikilizishe sauti ya lile jitu. Atafoka. Mwache afoke mpaka achoke. Kisha mpigie Faradji simu, usimwandikie. Sema, "Octave ni mimi," halafu unyamaze. Ninyi walimu mnapenda mno kufafanua. Sikiliza neno lake la kwanza. Akicheka, aje, na shangazi mwenyewe amfungulie mlango. Akinuna kwa kuwa fundi aliyemstaajabia ni mwanamke, basi asijisumbue na safari, na kuku mliowatenga kwa ajili ya wageni mle wenyewe.