Nishani Yako Nimeifunika Macho

Babu,

Ulinifundisha kwamba barua njema huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Leo sijui nikuulize nini. Basi nianze na ya kwetu: sisi ni wazima, baridi ya Marekani imerudi hapa Lanham, na ule mti ulio mbele ya ghorofa yetu umegeuka mwekundu wote. Mwaka jana uliuliza kama unaumwa. Hauumwi, Babu. Nilikwambia.

Ukiona kosa la tahajia, lipigie mstari mwekundu kama ulivyofanya kila Jumamosi. Yaliyomo usiyafute. Yaliyomo nitayasimamia mwenyewe.

Nishani yako haipo tena ukutani. Nimeirudisha kwa waliokupa. Najua neno hili ni zito, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho kabla hujanikunjia uso.

Mambo yalianza kwa gazeti. Mjomba Gaspari alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Songea kukuzika. Mama, unajua, hakuweza kwenda. Makaratasi yake hayajatoka, na akitoka nchini hataruhusiwa kurudi. Alikuaga uwanja wa ndege, mkono juu ya jeneza lako, kisha akarudi kazini Wheaton kutandika vitanda vya watu. Siku moja kwenye treni akaokota gazeti lililoachwa kitini. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya tembo. Hakuwa amevaa miwani. Akalikunja vizuri akaniletea, akasema, "Tazama, wameandika habari za wanyama wa babu yako."

Nilitazama. Tembo alikuwa amekufa. Mkonga wake ulikuwa umelazwa juu ya jiwe, na mtu mwenye bunduki ameuegemea kama mtu anayeegemea kaunta ya duka, anacheka. Nikasoma jina chini ya picha. Nikainua macho kwenye cheti chako kilichotundikwa juu ya televisheni. Nikasoma tena.

Alikuwa yeye. Mfalme aliyeweka sahihi kwenye cheti chako. Mlezi wa chama cha kulinda wanyamapori, kilichokupa nishani yenye kichwa cha tembo upande mmoja na taji upande wa pili.

Sikumwambia Mama mara moja. Nilimwacha avue viatu kwanza.

Kuanzia hapo ilikuwa kelele tupu. Redioni walibishana, darasani tulibishana. Mvulana mmoja alisema ni tembo mmoja tu, dunia haikuisha. Chama kikatoa taarifa ndefu isiyosema kitu, mfalme akabaki kuwa mlezi. Na wakati huohuo ofisi yao ya hapa Washington ikaanza kutupigia simu. Walikuwa wamekwisha kutuandikia ulipofariki, wakisema wataandaa hafla ya kuwakumbuka askari wa porini, na wakaomba nishani na picha yako. Baada ya lile gazeti, maombi yaliongezeka. Sasa walitaka picha yako ikuzwe iwe ndefu kama mlango. Sasa walitaka Mama aketi mbele, kisha azungumze.

Nina miaka kumi na mitano, Babu, lakini najua tofauti ya kuheshimiwa na kutundikwa kama pazia. Walihitaji uso mwema wa kusimama mbele ya ule mwingine. Wakachagua wako, kwa kuwa wewe huwezi kukataa.

Nikasema tusiende. Mjomba akacheka.

"Wewe mtoto, usituharibie. Mfalme alilipia kibali, hakuiba. Unadhani mshahara wa Baba ulitoka wapi? Vibali hivyohivyo."

Ni kweli. Wewe mwenyewe uliniambia pori lenu lililipiwa na wawindaji. Lakini Mama ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikuwa anakunja nguo, hakunitazama. Akasema, "Mara moja tu, Rehema. Mara moja tu nataka kusikia jina la baba yangu likitajwa kwenye kipaza sauti. Mazishi sikuyaona."



Nikachukua daftari lako la doria, lile la jalada la kijani, nikalisoma kama ulivyokuwa ukinisomea imla. Nikafika kwenye ukurasa wa yule tembo wa mashamba ya mahindi. Kijiji kiliomba msaada, ukatumwa, ukampiga. Uliponisimulia habari hiyo nilikukasirikia, unakumbuka? Nilisema wewe si mlinzi, wewe ni muuaji. Hukunigombeza. Ulinieleza kwamba ulikata matawi ukamfunika macho, na hukumruhusu mtu yeyote kucheka wala kugusa nyama mpaka majani yawe yamekaa vizuri. Watu walikuwa na njaa, na walisubiri. Ukasema, "Nilimuua, lakini sikumshinda."

Hapo nikapata jibu la Mjomba. Kibali kinamruhusu mtu kupiga. Hakuna kibali cha kucheka pale. Na mtu anayecheka pale asijiite mlezi, wala asijifiche nyuma ya mzee aliyekata matawi.

Jibu nilikuwa nalo, ila nani angenisikiliza? Mtoto hasimami mbele ya wakubwa akawapangia mali ya marehemu. Ndipo nikakumbuka agizo lako. Watoto wengi wa huku hawajui kwamba kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na kwamba msibani mtani husema atakalo, na anayemkasirikia ndiye mwenye makosa. Mimi nilijua, kwa sababu ulinikabidhi kazi hiyo mapema, ukitafuna mahindi uliyochoma kwenye jiko mpaka kengele ya moshi ikalia. "Nikifa, uvae koti langu uwachekeshe. Wasinililie kama ndama."

Basi siku ya arobaini yako, ukumbini chini ya kanisa, watu walipomaliza pilau, nikaingia. Nimevaa lile koti lako zito ulilokuwa ukilivaa hata ndani ya nyumba. Nimevaa kofia yako ya kazi, kamba imepita chini ya kidevu. Nikakohoa kikohozi chako. Nikagonga sakafu kwa fimbo.

"Nyumba gani hii," nikasema kwa sauti yako, "mtu akichoma hindi moja, mbuzi analia darini?"

Babu, ungewaona! Ukumbi uliangua kicheko. Mzee mmoja alitema chai kwenye tai yake. Nikawauliza nani amemaliza kisamvu changu. Nikamwambia Mjomba kwamba tangu nife tumbo lake limepata ukubwa wa kituo cha polisi. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu ufe yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Kisha nikasema, "Mimi Kasiani Komba, askari wa wanyamapori, nimerudi kuchukua kitu changu kimoja. Nishani. Aliyenipa amecheka juu ya mfu. Mrudishieni."

Watu waliendelea kucheka kidogo, halafu wakaacha.

"Mpeni soda huyo mtani, anyamaze," alisema Mjomba. Alikuwa bado anatabasamu, lakini meno tu.

"Soda ya baridi inaniuma meno," nikajibu kwa sauti yako. Nikazama zaidi ndani ya koti lako. Heri lilikuwa kubwa.

Mjomba akasimama. Na hapo Mama Wambui, yule jirani yetu Mkenya uliyekuwa ukimwita polisi wa ngazi, akapiga meza. "Gaspari, wacha mzee aongee, bwana! Ametoka mbali!"

Mjomba akaketi. Angefanya nini? Kumkasirikia mtani ni aibu, na ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Najua niliutumia utani kama silaha. Sijutii. Uliniachia silaha moja tu.

Lakini sikuwa nimejiandaa kwa Mama. Aliinuka, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama chini ya ile kofia. Hakuniita Rehema.

"Baba," akasema. "Na mimi je? Mimi sikukuzika."

Kila kitu nilichopanga kikanitoka. Nilitamani kuvua kofia nimkumbatie, niwe mtoto wake. Lakini alikuwa amemuuliza baba yake, na pale baba yake alikuwa mimi. Nikachukua kipaza sauti cha padri, kile kinachopiga mluzi, nikamwekea mkononi.

"Nizike hapa, mwanangu," nikasema. "Taja jina langu."

Akalitaja. Jina lako lote, na la baba yako, na la kijiji. Akasimulia ulivyomfundisha kutembea bila kuvunja kijiti, na ulivyomwuzia mwalimu baiskeli yako ili yeye aende sekondari. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyenyanyuka, hata watoto wadogo wasiojua Kiswahili. Alipomaliza akakirudisha kipaza sauti mahali pake, akavuta pumzi, akasema, "Hafla yao siihitaji tena."

Kesho yake aliishusha nishani ukutani mwenyewe. Mjomba hakumsaidia wala hakumzuia. Alituendesha posta, akangoja garini na injini inanguruma. Tuliporudi akasema, "Umefanana na Baba kwa ubishi." Nimeamua kuipokea kama sifa.

Ndani ya kisanduku niliweka cheti, nishani, na barua ya ukurasa mmoja. Niliandika jina lako, kazi yako, na habari ya yule tembo wa mahindi. Niliandika kwamba picha yako hatuwapi, na kwamba siku mlezi wao atakapojua namna ya kusimama mbele ya mfu, wanaweza kutuandikia tena. Sijui kama watajibu. Labda mtu mmoja katika ofisi ile ataisoma mara mbili. Hiyo itanitosha kwa mwaka huu.

Kabla ya kufunga kisanduku niliteremka nikaokota majani chini ya ule mti. Niligeuza nishani upande wa tembo. Nikayapanga majani juu yake polepole, mpaka macho yakafunikwa. Mama alisimama kando yangu. Hatukucheka.

Sasa nakuaga, Babu, bila kulia kama ndama, nimejitahidi. Daftari la kijani ninalo, na kila Jumamosi najipa imla mwenyewe. Na nakuahidi hivi: makaratasi ya Mama yakitoka, nitamleta Songea, asimame kaburini kwako. Nitakuja na jani moja la mti huu. Ukiliona limelala juu yako, jekundu hivyo, usiulize tena kama mti unaumwa.

Mjukuu wako na mtani wako,
Rehema